Moto Ambao Mizani Haikuupima

Chama chetu cha wafinyanzi wa majiko ya kubana kuni, hapa Kilosa, kilipopata barua kwamba chuo kikuu kinaomba kuwa mwanachama mshirika, mimi ndiye niliyeuliza: mshirika wa kufanya nini? Wenzangu walicheka. Mwenyekiti akasoma tena. Chuo kitatupimia majiko, na litakalofaulu litagongwa muhuri. Sisi tutawaonyesha wanafunzi wao kazi.

Muhuri niliutaka. Wateja siku hizi wanakimbilia majiko ya bati kutoka mjini, na la kwangu lisilo na alama yoyote wanaliita chungu. Ila hapo kwenye kuonyesha ndipo wasiwasi uliponishika. Jiko langu linashika joto kwa sababu ya udongo. Nachanganya udongo wa kichuguu wa Masanze na pumba za mpunga za Tindiga, na kipimo chake nakijua kwa mkono tu. Mimi nimeishia darasa la saba. Mtu mwenye digrii akinitazama mara moja, si ataondoka nacho? Lakini ushahidi sikuwa nao. Huenda ni roho yangu tu mbaya. Niliandika yote mawili kwenye daftari langu.

Tulikubaliana majiko yajaribiwe kwanza, kura baadaye. Langu lilipelekwa Mikumi kwa wifi yangu, anayepika chakula cha kuuza kando ya barabara kuu. Mwalimu wa chuo, mwanaume mpole mwenye miwani, alikuja na mizani. Kila asubuhi angepima kuni, na jioni angepima zilizobaki, kwa siku tatu. Nami nikapanda gari kwenda kuilinda hiyo mizani.

"Shikamoo mama," alinisalimia.

"Marahaba. Mizani yako umeijaribu na nini?"

Akachukua pakiti ya sukari ambayo haijafunguliwa, akaiweka juu. Ilikuwa sawa. Nikamwambia ageuze mizani upande wa pili. Akageuza.

"Wewe wifi," akasema wifi yangu, "ulitaka kuolewa na polisi, ukakosea njia ukaangukia kwa kaka yangu."

Siku ya kwanza kuni hazikupungua sana. Ya pili vilevile. Mwalimu akasema hajaona jiko kama hili. Badala ya kufurahi, nikamshuku kwa upande mwingine: labda ananipendelea ili nimpigie kura. Sikujua tena ninamlinda asiniibie au asinipe.

Siku ya tatu, maharage yakiwa jikoni, nilimwona wifi akichukua kigae cha chungu kilichovunjika, akavuka hadi kwa jirani anayechoma mahindi. Akarudi na makaa mekundu, akayasukuma chini ya sufuria.

"Unafanya nini?"

"Naomba moto. Kwenu Kilosa hamuombi?"

Tunaomba. Hata mimi naomba karibu kila siku, na sijawahi kuuita kuni.

"Tangu juzi umeomba mara ngapi?"

"Kwani moto nao unahesabiwa?" Akainama karibu yangu. "Nyamaza, wifi. Hukuiba. Jirani katoa kwa mkono wake."

Mwalimu alikuwa nyuma ya kibanda, anakunywa chai. Nilikuwa nimetoka Kilosa kutafuta udanganyifu, nimeupata, na ulikuwa upande wangu. Sijisifu kwamba nilikwenda kumwambia. Nilikwenda kwa sababu niliogopa kwamba ameona na ananipima.

Alivua miwani. "Mama, ungenyamaza nisingejua."

Maneno yenyewe yalikuwa mazuri, lakini usiku huo na mwingine niliyageuza kichwani: kweli asingejua?

Tulianza upya siku tatu, kigae na makaa yake vikipimwa kila kilipovuka. Jirani wa mahindi alitaka kujua kama na yeye atapata muhuri. Jiko langu lilibana kuni, ila si kama mwanzo. Muhuri wa kwanza ulikwenda kwa mwenzetu wa Magole, na nilipolikagua jiko lake sikuona sababu ya kubisha.

Siku ya kura nilisimama. Nikasema chuo kiingie, lakini kila wanapopima akae mwanachama mmoja karibu, maana wao wanajua mizani, hawajui tunavyopika. Na mchanganyiko wa udongo wa mtu usiulizwe.

"Basi wa kukaa uwe wewe," mwenyekiti akasema, "maana hata tukimweka mwingine utakuja tu."

Wakapiga makofi. Kura ilipopigwa, nami nikainua mkono pamoja nao.

Mwezi uliofuata mwalimu alileta wanafunzi wake kwangu. Udongo nilikuwa nimeshauchanganya kabla hawajafika. Aliutazama, akanitazama, akaendelea kuwaeleza habari za mlango wa jiko. Hakuuliza kitu. Hata hilo nimeliandika.