Mpima Malori Aliyeishtaki Mizani Yake

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu unajivuta taratibu juu ya barabara, na malori yanachomoza moja moja kana kwamba ndiyo kwanza yanaamka. Kwenye kibanda cha vioo karibu na daraja, mwanamke wa miaka arobaini na saba anakodolea macho namba nyekundu. Madereva humwita Mama Mizani, naye huitika.

"Sogea mbele, baba. Kidogo tu. Hapo hapo!"

Namba zinapanda, zinasita, zinatulia. Anazitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Siku hizi, anasema, hana imani nazo sana.

Mto ulio chini ya daraja ni mpaka wa halmashauri mbili. Kwa miaka mingi kila moja ilikuwa na mizani yake na karatasi yake, na karatasi ya upande huu haikutambulika upande ule. Lori lililopita salama kwa mpimaji wa ng'ambo, mzee wanayemwita Babu Kilo, lilifika kwa Mama Mizani likaambiwa limezidi. Mzigo uliozidi ukashushwa kwenye banda la kando ya mizani, dereva akaenda mjini, kisha akarudi kuufuata. Safari ya saa tatu ikawa ya siku mbili.

"Walikuwa wananiambia, mama, mizani yako ina njaa," anacheka, kiganja mdomoni. "Nawajibu, mizani haina shemeji. Shusha!"

Mwaka huu halmashauri hizo zimeacha kuvutana. Zimekubaliana kuwa na mizani moja mpya darajani, karatasi moja ya kuheshimika pande zote, na kuitunza barabara kwa pamoja. Ila mizani moja ina kiti kimoja. Kati ya Mama Mizani na Babu Kilo, mmoja atabaki, mwingine atahamishiwa masjala mjini, akatunze mafaili.

Mjini ni mwendo wa saa mbili. Nyumbani kwa Mama Mizani, nyumba ya pili kutoka kibandani, mama yake mzazi amelala kitandani mwaka wa tatu sasa, hawezi kujigeuza. Kila adhuhuri binti huyu hukimbia mara moja, humgeuza, humnywesha maji, akarudi kazini. "Nikienda mjini nani atamgeuza?" anauliza. Kiti kile alikitaka kwa kufa na kupona.

Siku nne kabla ya usaili wa kiti hicho, likaja lori la saruji. Limezidi. Akaamuru mifuko kumi ishushwe, kila mmoja kilo hamsini, imefungwa kiwandani. Namba zilipaswa kushuka kwa kilo mia tano. Zikashuka kwa mia tano na arobaini.

"Nikatoka nje, nikaihesabu mifuko kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Kumi! Jamani, nikaihesabu tena."

Mkaguzi wa mizani huja kila mwaka na vyuma vyake vichache vya kujaribia, na kwenye mzigo mdogo mizani ile haikosei. Mzigo mkubwa ndio inaouongeza. Kwa miaka kumi na moja ya kazi yake hapa, huenda amewashushisha watu mizigo ambayo haikuzidi.

Angenyamaza, nani angejua? Mizani hiyo ilikuwa ing'olewe, iende kuwa chuma chakavu. Kwa siku nne alitembea kama yuko usingizini, akifumba macho anaiona mizigo aliyoishushisha bandani. Kisha akapiga moyo konde. Mbele ya wajumbe wa halmashauri zote mbili, alipoulizwa kwa nini apewe kazi, akaanza na habari ya mifuko.

"Umejua lini?" mwenyekiti akauliza.

"Siku nne zilizopita."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa na uhakika."

Babu Kilo, aliyekuwa akisubiri zamu yake pembeni, akasimama. "Mizani yangu mimi sijawahi kuijaribu," akasema, akaketi tena. Wajumbe wakaahirisha uamuzi. Jibu litatoka mwisho wa wiki.

"Wakinipa, kila Jumatatu nitaanza na mifuko ya saruji," anasema Mama Mizani. "Na dereva ataingia humu ndani, asome mwenyewe. Wasiponipa, nitamwomba Babu afanye hivyo." Anatazama nje, ambako ukungu umelimeza daraja lote. Anasema huwa anayaota malori yakivuka pale bila kukanyaga breki, kama vile hakujawahi kuwa na mpaka.

Lori la nyanya linaingia. Dereva wake amepita hapa miaka mingi, na Mama Mizani anatoka kibandani, anasimama chini ya dirisha lake na kumweleza yote, bila kuficha. Dereva anazima injini.

"Kaka yangu alikuwa ananipimia mzigo nyumbani, uko sawa," anasema. "Nikifika hapa, umezidi. Akasema nabeba mizigo ya watu njiani kwa siri. Akaninyang'anya lori lake, hili ni la mtu mwingine. Mwaka wa pili huu hatusemezani." Anajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mama, unaweza kuja kumwambia?"

"Anakaa wapi?" anauliza Mama Mizani. "Jumapili tu ndiyo dada yangu huja kukaa na mama. Nitakuja."