Dunia Iliyo Bora na Sentensi Niliyoiruka

Dada yangu atafika Maskati mwezi ujao, na mimi ndiye nitakayekwenda kumpokea. Kuna jambo lazima nimwambie kabla hajavua buibui lake. Kwa kuwa sijui nitalianzaje, naliandika kwanza hapa. Hii ni nakala ya tano. Nne nimezichana, moja kwa sababu ya tone la wino tu. Naomba msomaji alijue hilo mapema, maana ndilo kosa langu lenyewe.

Tulitoka Unguja mwaka 1964, baba na mimi. Mama alikuwa amekwisha kufa zamani. Dada alibaki: alikuwa mja mzito, na mumewe hakutaka kuacha nyumba yake. Baba aliruhusiwa kushuka hapa kwa sababu alizaliwa huku, na jamaa yake mmoja alimdhamini kwa maandishi. Wengi tuliosafiri nao hawakuwa na karatasi kama ile. Meli ilitia nanga, sisi tukateremshwa kwenye mashua, wao wakabaki juu wakitutazama, kisha wakapelekwa mbele, Dubai au Kuwait, popote patakapowapokea. Mwanamke mmoja alinirushia kitambaa chake cha kichwa kwa sababu upepo ulikuwa umechukua changu. Sikuwahi kumrudishia.

Tulipewa vyumba viwili ndani ya ukuta wa mji. Usiku lango lilifungwa, na mtu aliyetoka baada ya hapo ilimlazimu abebe fanusi, aonekane uso. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Shule ya wasichana haikuwepo. Nilichokuwa nacho ni Kiingereza cha darasa la nane, kamusi, na hati nzuri. Ile hati niliitunza kama watu wengine wanavyotunza uso.

Macho ya baba yalianza kuharibika mwaka wa pili. Ulikuwa ugonjwa uliojaa mji mzima, hata watoto walikuwa nao. Asubuhi kope zake zilikuwa zimegandana, nikazifungua kwa maji ya uvuguvugu, na yeye akisema, "Kheri." Alisema kheri kwa kila kitu. Nyumba yetu ya Unguja ilipochukuliwa alisema kheri. Maji ya kisima yalipokuwa na chumvi, kheri. Nilianza kulichukia neno hilo.

Siku moja tulikwenda pamoja soko la Matrah, mimi nikiwa macho yake. Muuza viungo alikuwa akichana kitabu cha Kiingereza, karatasi moja moja, na kufungia bizari. Nilimwomba kilichobaki. Akanicheka, akanipa bure. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikwisha kwenda na mdalasini wa watu. Za mwisho pia hazikuwepo. Mpaka leo sijui jina la kitabu wala la aliyekiandika.

Nilikaa nacho miezi mitatu, neno kwa neno, kamusi magotini. Nusu ilikuwa maelezo ya mwalimu fulani, nusu hadithi. Nilichokielewa ni hiki. Kiasi cha miaka mia mbili iliyopita, huko Ulaya, palikuwa na wanafalsafa waliosema kwamba Mungu, kabla ya kuumba, alizijua dunia zote zinazowezekana, akachagua iliyo bora kuliko zote. Kwa hivyo kila balaa lina nafasi yake, kama kivuli kwenye picha: ukikitoa, picha nzima inaharibika. Halafu wakatokea waandishi waliokasirishwa na maneno hayo. Hawakujibu hoja kwa hoja. Walitunga hadithi za dhihaka. Walimchukua mtu mwenye imani ile, wakampitisha vitani, majini, kwenye njaa na maradhi, na kila alipoanguka wakamfanya aseme yale yale, mpaka msomaji acheke, kisha aone haya kwa kucheka.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilikuwa nimeyaona ya Januari ile ya mapinduzi kwetu, na tangu hapo sikusikia mtu mzima hata mmoja akisema kwamba ni mabaya. Walisema kheri, wakateremsha sauti, wakauliza chai. Sasa nilipata watu, ingawa wamekufa zamani, waliokuwa upande wangu.

Basi nikaanza kumfasiria baba baada ya swala ya alasiri, yeye amelala na kitambaa cha maji juu ya macho. Sitasema uongo: nilitaka kumwaibisha. Nilitaka ajione ndani ya hadithi, akubali kwamba macho yanakufa, aende kwa daktari. Nilichagua ile ya msomi ambaye nyumba yake inaungua, naye amesimama uani akiwaeleza majirani kwamba baridi ya mwaka ule ilihitaji moto.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nyumba inaungua, naye anaeleza?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi huyo mpumbavu. Nyumba ikiungua mtu hubeba maji. Kheri utaisema baadaye, ushakaa kitako."

Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe huisema kutwa.

"Nnaisema, siielezi," akajibu. "Mimi nnaisema nipate kuinuka. Yeye anaisema asiinuke." Akageuza kitambaa upande wa baridi. "Na huyo aliyemtunga, yeye alibeba maji?"

"Sijui. Kurasa za mwisho hazipo."

"Kitabu hakina kichwa wala miguu, na wewe wamsomea asiyeona. Tumekutana watatu."

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Niliona kwamba alikuwa amesema kitu ambacho yule mwalimu wa maelezo hakukisema. Mwanafalsafa alipanga kheri, mwandishi akapanga mabalaa, tena kwa ustadi, hili baada ya lile, hakuna lililozidi wala kupungua. Wote wawili walikuwa na ukurasa safi. Watu waliokufa ndani ya hadithi zile walikufa kwa mstari mmoja, na mstari wa pili ulikwisha kuhamia kwingine. Niliyaona hayo kwao. Kwangu sikuyaona.

Kwa daktari alikwenda, ila baada ya mwaka mzima, na jicho lililobaki lilikuwa la kutambua mchana na usiku tu.

Sasa nije kwenye barua. Barua za kwetu zina desturi ambayo kila mtu wa pwani anaijua. Unaanza kwa salamu, unasema sisi huku wazima, hatuna ila kheri, unahesabu mmoja mmoja anayesalimia na anayesalimiwa, unafunga. Habari mbaya haiandikwi. Barua husomwa kwa sauti mbele ya nyumba nzima na majirani, na huwezi kumpiga mtu msiba mbele za watu. Habari mbaya hupewa mchukuzi wa barua, akaiseme kwa mdomo, pembeni, baada ya kahawa. Tangu macho ya baba yaanze kuharibika, mimi ndiye niliyekuwa nikiandika. Yeye alisema, mimi nikapamba. Sikupeleka barua yenye kufutwa hata mara moja.

Mwanzoni mwa 1966 dada alileta barua kwa mkono wa mtu. Mtoto wake, msichana, alikuwa ametimiza mwaka na nusu. Mumewe alitaka kuwatanguliza wao wawili, yeye afuate. Akauliza: je, aje Maskati?

Palikuwa na bwana mmoja anayekwenda Mombasa, na kutoka huko Unguja. Baba alinitajia maneno ya barua ya kumpa. Sisi wazima. Nyumba ipo. Mji una kheri na watu wake wanatupenda. Karibu nyumbani. Iliingia ukurasa mmoja, mistari kumi na sita, pambizo sawa pande zote mbili. Nilipomaliza kuweka salamu za mwisho niliishika kwenye mwanga wa dirisha nikaitazama. Sijapata kuandika kitu kizuri kama kile.

Baba alirudi kutoka msikitini, akasimama mlangoni, mkono ukutani. Akasema, "Ongeza. Mwambie asipande meli mpaka ruhusa imfike mkononi. Na mtoto asithubutu kumtoa kabla."

Nikashangaa. Nikamwambia mambo kama hayo huagizwa kwa mdomo.

"Huyu bwana ni msahaulifu, na midomo yake mipana. Andika."

Nafasi haikuwepo. Ilibidi niiandike pambizoni, kwa wima, kama watu wanavyofanya wakisahau kitu, au ninakili upya. Pambizoni sikuweza. Najua yanavyosikika maneno haya. Sikuweza. Nikaanza kunakili upya, na mstari wa tisa wino ukadondoka. Nikaanza tena, nikakosea jina la mtoto. Mtu wa yule bwana akagonga mlango, akasema mzigo unafungwa, barua itoke sasa. Nikakunja ile ya kwanza, nzuri, nikampa. Ningeweza kumwambia yale maneno kwa mdomo, hapo hapo mlangoni. Alikuwa mwanamume mgeni na mimi ni msichana, nikaona haya.

Baba akauliza, "Umeandika?"

"Nimeandika."

Nilijiambia mengi jioni ile. Kwamba ruhusa itapatikana upesi. Kwamba barua nyingine itafuata mwezi ujao. Kwamba dada ni mtu mzima, hatapanda meli hivi hivi. Nilikuwa nimesimama uani na kueleza, kama yule msomi, na sikujijua. Chini ya yote hayo palikuwa na jambo moja nisilolisema hata moyoni: nilitaka aje. Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu.

Barua ya pili iliandikwa, na ile sentensi ilikuwa mstari wa tatu. Ilipofika Unguja dada alikuwa ameshaondoka.

Meli ilitia nanga mwezi wa sita, joto la kukausha mate. Tulipata habari kwamba yumo. Baba alikwenda kwa mdhamini, mdhamini akaenda kwa karani, karani akasema karatasi ya baba ni ya baba na binti aliyekuja naye. Ya huyu mwingine iombwe, na ombi lina safari yake. Siku mbili meli ilikaa pale. Milima ya mawe imeizunguka ile bandari, na mchana joto hurudi kutoka kwenye mawe kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Tulisimama ufukweni, mimi na baba. Juu ya sitaha niliona watu wadogo wadogo, weusi, hawana sura.

"Unamwona?" baba akauliza.

"Namwona."

"Mtoto yuko naye?"

"Amempakata. Anapunga mkono."

Baba akainua mkono akapunga. Alipunga muda mrefu, na uso wake haukuelekea kwenye meli bali pembeni kidogo, kwenye jabali. Sikumgeuza. Siku ya tatu asubuhi meli haikuwepo.

Baada ya karibu miezi miwili tukapata barua kutoka Dubai. Aliyeileta alikuwa kijana wa kwetu. Alikaa ukingoni mwa mkeka, hakugusa kahawa, akasema ana shughuli na kwamba atapita kesho. Akavaa viatu bila kututazama.

Nikamsomea baba. Hati ya dada haikuwa nzuri kama yangu, lakini barua ilikuwa kamili. Salamu. Sisi huku wazima, hatuna ila kheri. Mumewe amewasili, anakusalimu. Jirani, mama fulani, anakusalimu. Mwenye nyumba anakusalimu. Kisha ikafungwa.

Baba alikuwa amekaa, kitambaa mkononi.

"Soma tena hapo penye salamu."

Nikasoma tena. Mume, jirani, mwenye nyumba.

"Hujaruka kitu?"

Tangu nianze kumsomea hakuwahi kuniuliza hivyo. Mtu asiyeona akimpa mwingine macho yake hamwulizi swali kama hilo. Nikatazama karatasi. Jina la mtoto halikuwepo, na sote wawili tulijua maana ya jina kukosekana katika salamu. Kesho yake yule kijana alirudi akalisema pembeni kama inavyotakiwa: homa ilimpata mtoto siku zile mbili za kungoja, akafa kabla ya kufika, akazikwa Dubai. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kujua tangu jana.

"Hapa sijaruka," nikamwambia. "Niliruka ile ya kwanza."

Nikamweleza yote, mpaka tone la wino kwenye mstari wa tisa. Nilingoja aseme kheri. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Unguja nililitaka neno lile, nilitaka liniangukie kama maji. Hakulisema. Alikunja kitambaa mara mbili, mara nne, akakiweka gotini. Kisha akaniambia nilete karatasi.

Akanitajia: sisi huku wazima, hatuna ila kheri. Nikaandika. Nikamwuliza kama niongeze habari ya ile sentensi.

"Hiyo haiandikwi," akasema. "Hiyo utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, siku Mungu akimleta."

Hatukulizungumza tena. Baba alikufa mwaka jana. Mwaka huu, 1970, sultani mpya amewafungulia mlango waliokuwa nje, na watu wanateremka kila wiki katika uwanja wa ndege wa bonde la Ruwi, na masanduku yao na watoto waliozaliwa kwingine. Barua ya dada ni fupi. Anasema anakuja na mumewe. Anasema wazima, hawana ila kheri. Anasema bado anayo barua yangu ile ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa nzuri mno kuitupa, na kwamba atakuja nayo.