Runinga ya Karavani

Tangu baridi ilegee hapa pwani ya Wales, kila Jumamosi mama mmoja anayeishi kwenye karavani, nyumba ya magurudumu, huingia katika duka la runinga la Menna na mto wa kitandani kwapani. Runinga haipimi kwa futi. Huibeba kama mtoto mchanga, akaipigapiga mgongoni kwa vidole vyake vifupi, kisha akailaza juu ya mto, maana safarini italala hivyo hivyo kitandani, gari likiikokota karavani yao. Sauti yake hufika hadi kwa muuza samaki wa jirani: “Hii nzito, mwanangu, itatuvunjia kitanda!” Kisha huondoka bila kununua. Leo kaja na mumewe, naye ameganda mbele ya runinga pana kama mlango.

“Mke wangu, kwenye hii raga utaiona mpaka jasho!”

“Na dirisha tuzibe? Bahari tutaitazama wapi?”

Menna akajua Jumamosi nyingine imeenda bure. Lakini mama akainama, akaitoa ndogo kuliko zote, iliyosahauliwa nyuma ya redio.

“Hiyo?” mumewe akamaka. “Kutoka kwenye kiti changu nitaona nini?”

“Huoni kitu,” akajibu, akiifuta vumbi kwa kiwiko. “Itabidi uje ukae kando yangu.”

Mzee akaiva kwa haya mpaka masikio, akalipa, akauchukua mto, akaukumbatia mwenyewe hadi garini.