Mkwe wa Ng'ombe Gani?

Siku tuliyodai mirathi ya baba naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa binti wa kuchumbiwa, hapa hapa Samuye, enzi za watemi. Hata matanga ya baba hatujaanua, mdogo wake akaja kuswaga ng'ombe wote zizini. Alidai mama hakutolewa ng'ombe wa mahari. Kwetu Usukumani neno hilo si dogo: bila mahari, watoto ni wa ujombani, na mali ya baba yao hawaigusi. Mimi na wadogo zangu tukawa wageni kwenye nyumba tuliyozaliwa.

Nikashika mpini wa jembe. Mama akaninyang'anya. "Ukimpiga, kesi itakuwa yako. Twende kwa mtemi." Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Barazani baba mdogo alisema vizuri, maana mdomo Mungu alimjalia. Mashahidi wa mahari, wengine walikwisha kufa, wengine walikuwa Geita huko wakichimba dhahabu. Mama hakuwa na wa kumsemea. Nikaona tumekwisha, nikalia.

Mara akaingia bibi, mzaa mama, ametoka Mwakitolyo kwa miguu, anahema. Baba mdogo kumwona tu, akakatiza maneno, akajifunika uso kwa shuka, akarudi nyuma mpaka ukutani. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, na mkwe wa kaka yako ni mkwe wako.

Mzee wa baraza akamwuliza taratibu, "Unamficha nani uso?"

"Mkwe," akajibu, hajafikiri.

"Mkwe wa ng'ombe gani?"

Baraza zima likaangua kicheko. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu! Ng'ombe tukarudishiwa siku ile ile, na mama, na kaniki yake ya msiba mwilini, akapiga vigelegele njia nzima. Mimi nilitembea nyuma ya ng'ombe wetu kifua mbele, nikimsalimu hata nisiyemjua.

Basi nakuusia. Ukifiwa, usipigane, wala usikubali mtu agawe hata kuku kabla ukoo haujakaa na mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi. Wazee wanaojua mambo yenu waulize wangali hai. Na ukidhulumiwa usijifungie ndani kulia kama nilivyolia mimi. Nenda mbele ya watu ukaseme. Mungu akupe moyo wa mama yangu, na jasho lako waje walile wanao.