Kisanduku cha Jina la Baba

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Ilikuwa miaka ya tisini, nami kijana wa Khayega nimetoka Nairobi na cheti cha kompyuta, kichwa kimevimba. Kliniki moja ndogo mjini Kakamega ilinipa kazi ya kutengeneza fomu ya wagonjwa ndani ya kompyuta. Kulikuwa na programu ya kuchorea fomu: unavuta mistari kwenye kioo, unaweka visanduku vya jina, umri, kijiji, kisha unaiamuru mashine ni kisanduku gani lazima kijazwe. Mimi, kwa kupenda sifa, niliamuru vyote vijazwe; kimoja kikiachwa wazi, kadi ya mgonjwa haitoki.

Karani wa zamani wa hapo, Mama Rispa, aliniita kando. "Kijana, kabla hujachora, shika penseli na karatasi. Keti na wagonjwa kwenye benchi siku tatu, usikie vile wanajieleza." Nilicheka. Nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani. Akili nyingi huondoa maarifa, na zangu wakati ule zilikuwa nyingi kweli!

Mwanzoni kadi zilitoka kwenye printa safi kabisa, na bila kadi hiyo daktari hakumwona mtu. Nikajiona bingwa. Kisha Mama Rispa akaenda matanga Mautuma, nikabaki peke yangu mezani. Akaingia nyanya mmoja kutoka Shinyalu, amembeba mjukuu wake mgongoni, Mmbone, msichana wa miaka minne, anachemka kwa homa. Mama wa mtoto, binti yake huyo nyanya, alikuwa ameshafariki, na baba alikuwa mbali kikazi.

"Jina la baba?" nikauliza.

"Huyo ni mkwe wangu," akasema, akainamisha macho.

"Sawa, Kukhu," nikamwita nyanya kwa Kiluhya. "Jina lake?"

Akanyamaza. Nikarudia kwa sauti kubwa, watu wakageuka. Mwanangu, mimi ni Mluhya! Nilijua tangu utotoni kwamba mama mkwe hatamki jina la mkwewe, hata umbane vipi. Kwenye daftari la Mama Rispa mahali hapo palipigwa mstari tu, mambo yakaendelea. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kioo, na kioo kilisema kisanduku kiko wazi. Ningeweza kuandika neno lolote lile. Sikutaka kuichafua fomu yangu.

"Mashine imekataa," nikamwambia. "Nenda urudi na mtu wa kulitaja."

"Haya, baba," akajibu kwa heshima, mimi niliyekuwa sawa na mjukuu wake. Akakaza leso, akaondoka.

Kesho yake alirudi na jirani yake, mwanamume wa makamo. Mgongoni hapakuwa na mtoto. Mmbone alikata roho njiani, kabla hawajafika nyumbani.

"Uliniambia nirudi na mtu wa kulitaja," akasema yule nyanya. "Ndiye huyu. Muandike tu mtoto wangu, asikose kuandikwa mahali popote."

Jirani akalitaja jina. Nikaliandika, na mashine ikakubali mara moja. Kadi ikatoka. Nyanya akaikunja, akaiweka kifuani, akanishukuru. Alinishukuru, mwanangu! Afadhali angenipiga kofi.

Mama Rispa aliporudi hakunigombeza. Alikaa kando yangu, tukalia wote wawili, kisha akasema, "Si ungeniuliza tu?"

Basi sikia, wewe unayesomea kompyuta. Maji yakimwagika hayazoleki. Kabla hujachora fomu yoyote, nenda ukakae na watakaoijaza, mpaka ujue lipi wanaweza kulisema na lipi hawawezi. Kuuliza si ujinga. Acha nafasi ya mtu kunyamaza bila kufukuzwa. Na siku mashine ikikataa na mtoto yuko mbele yako anachemka, achana na mashine, mshike mtoto.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe mikono myepesi na masikio yanayosikia. Na asikuonyeshe kamwe kadi kama ile niliyoitoa mimi.