Tanga Iliyokuwa Malindi

Binti yangu aliolewa Tanga wakati wa masika, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Mamake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa huko na ndugu yangu na mkewe, kwa kuwa mimi nilikuwa mtengeneza saa wa Mji wa Kale, Mombasa, mwenye karakana chini na chumba kimoja juu, na nyumbani hapakuwa na mwanamke. Miaka yote hiyo nilimwahidi kitu kimoja tu: siku ya nikahi yako nitakuwapo, nikuozeshe kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku tatu kabla ya nikahi, mto ukabomoa daraja kwenye njia ya Lungalunga iendayo Tanga na mabasi yakasimama. Meli ya pwani ilikuwa imeshaondoka. Nilikwenda Shimanzi kuulizia malori, na madereva wakanionea huruma tu. Lori lisilovuka mto halina faida kwa mtu anayekwenda Tanga.

Ndipo akaja seti. Ndivyo tulivyomwita, kama tulivyowaita wenye maduka makubwa wote. Alikuwa Mhindi, Mwislamu mwenzetu, muuza misumari na mabati pale Bondeni. Kila mwezi aliniletea saa yake ya mfukoni niitazame, nayo haikuwa na ila yoyote. Alichotaka ni mtu wa kumsimulia habari za ndege yake. Alikuwa amejifunza urubani Nairobi kisha akanunua ndege ndogo ya viti viwili, na watu wa Bondeni walikuwa wamekwisha kuchoka kumsikiliza. Mimi sikuweza kukimbia, nilikuwa na kazi mezani.

"Fundi, wahangaikia nini?" akaniuliza. "Tanga ni mwendo wa saa moja. Nitakupeleka."

"Na mvua hii?"

"Mvua ni ya watu wa chini."

Ningelikuwa na njia nyingine ningelimshukuru na kuendelea na kazi. Sikuwa nayo.

Asubuhi ya siku yenyewe tukavuka Makupa kwa gari lake mpaka kiwanja cha ndege cha Port Reitz. Nilivaa kanzu mpya, na joho nililifunga ndani ya kitambaa nikalipakata. Saa mbili tukaruka. Hata minazi hatujaipita vyema, wingu likatumeza. Nilitazama mbele, nyuma, chini, pote weupe mtupu.

"Usiogope," seti akapaza sauti, maana injini ilikuwa ikinguruma. "Sasa naruka kwa vipimo. Nairobi mwalimu alinifunika kitambaa nisione nje, nikaongoza ndege kwa kutazama vipimo peke yake. Alinisifu."

Vipimo vyenyewe vilipangwa mbele yetu kama nyuso za saa ukutani kwangu, kila kimoja na mshale wake. Alizunguka na kuzunguka akipanda juu, asije akakutana na vilima vya Shimba ndani ya wingu. Alipotosheka, akainamia dira. Ilikuwa kubwa kama bakuli, imewekwa karibu na magoti yake, na juu yake kulikuwa na duara lenye namba na nyuzi mbili zilizolala sambamba. Akalizungusha lile duara, akaigeuza ndege taratibu mpaka sindano ikalala katikati ya zile nyuzi.

"Basi," akasema. "Ikikaa hapo, twenda Tanga. Haina haja ya kuona."

Nikamwomba Mungu. Baada ya kama nusu saa, wingu likapasuka kidogo upande wangu, mkono wa kulia. Chini niliona mawimbi yakipiga mwamba, na baada ya mwamba, maji hadi upeo wa macho.

"Seti, bahari iko kulia."

"Ehe?"

"Ukienda Tanga, bahari huwa kushoto."

Hakugeuza hata shingo. "Hiyo ni ghuba. Pwani hujikunja."

"Ghuba gani hii isiyo na ng'ambo?"

"Fundi, wewe ni mtu wa saa. Saa ikikwambia ni saa tatu, wabishana nayo kwa kutazama jua?"

Nikamwambia naam, hubishana nayo, na ndiyo kazi inayonilisha. Akacheka kana kwamba nimemfanyia mzaha. Wingu likafunga tena. Nilikaa pale na joho langu mapajani, nikijua kwa yakini kwamba twenda siko, nikiongozwa na mtu aliyekuwa na furaha isiyo kifani.

Saa tatu na dakika chache akatazama saa yake akasema Tanga iko chini yetu. Akashuka polepole hadi tukatoka chini ya mawingu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni maji mekundu ya mto yakimwagika baharini, yakiitia rangi mbali sana.

"Seti, huo ni Sabaki. Ule mji tulioupita nyuma ni Malindi."

"Malindi haiwezi kuwa Tanga."

"Ndilo ninalokwambia!"

Tukarudi tukatua kwenye kiwanja cha majani. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi pembeni akaja kutuamkia. Seti akamwuliza hapa ni wapi. Malindi, mzee akasema. Seti akamshukuru, kisha akamngoja mpita njia mwingine, mwenye baiskeli, akamwuliza tena. Yule naye akasema Malindi. Nilikaa juu ya tairi la ndege nikikung'uta matope kwenye kanzu.

"Dira imeharibika," seti akatangaza. "Wewe fundi, hebu itazame."

Nikaingia nikaitazama. Haikuwa na kasoro, ilicheza vizuri kuliko saa nyingi za Mji wa Kale. Sindano yake ilikuwa na kijiti kilichokatiza kwenye ncha moja, kama msalaba mdogo.

"Hiki ni cha nini?"

"Chaonyesha ncha ya kaskazini."

"Na hii alama nyekundu kwenye duara?"

"Ni ya kaskazini pia. Yapasa ncha ile ielekee alama hii."

"Na kule juu, ilielekea?"

Akazigusa zile nyuzi kwa kidole. "Sindano ilikuwa katikati ya nyuzi."

"Sikukuuliza nyuzi."

Akavua kofia, akajikuna kichwa. Kumbe aliilaza sindano kichwa chini miguu juu, ncha ya kaskazini upande wa kusini wa duara, na saa nzima akaifuata kwa uangalifu mkubwa. "Ni kosa dogo," akasema hatimaye. "Mstari ulikuwa ule ule. Tulikwenda nao kinyume tu."

Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo damu hunichemka.

Nilikwenda posta kwa miguu. Karani, kijana Mkristo wa bara, mpole, aliyaona matope kwenye kanzu yangu akanipa kiti. Niliandika telegramu kwa ndugu yangu: nimechelewa, nikikosekana baada ya alasiri umwozeshe wewe kwa uwakili wangu. Karani akaisoma, akaniuliza kama nina hakika. Nilimwambia ninayo, kwa sababu namjua anayeniendesha.

Kisha ikawa kutafuta petroli. Seti aliipata kwa jamaa mmoja mwenye duka, akaichuja kwa kitambaa debe baada ya debe bila haraka, huku akimweleza mwenye duka ugumu wa kuruka ndani ya mawingu. Adhuhuri mvua ikamwagika. Tukangoja majani yakauke. Saa nane u nusu ndipo tuliporuka, na safari hii mimi ndiye niliyetoa amri.

"Tutakwenda chini ya mawingu. Tutafuata ufuo. Nikiona bahari kulia, narukia huko huko."

"Vyema, fundi," akasema, kwa unyonge uliokaribia kunitia huruma.

Tulipofika juu ya kisiwa cha Mombasa kulikuwa na mwanga. Niliyaona mapaa yamebanana, minara ya misikiti, na uchochoro wetu mwembamba kama ufa. Niliiona nyumba yangu. Karakana ilikuwa imefungwa kama nilivyoiacha asubuhi. Nilikuwa nimeshinda angani na katika tope la Malindi, na sasa, alasiri ikikaribia, nilikuwa juu ya mlango wangu. Seti akanionyesha Bondeni kwa kidole, akaniuliza kama naliona duka lake.

Tuliuona mji wa Tanga yapata saa kumi na dakika ishirini. Tulipita juu ya misikiti kabla ya kutua. Kiwanjani hapakuwa na gari, nikaenda mbio nimelikumbatia joho mpaka mwenye gari la mkaa akanipakia. Nilipofika msikitini, watu walikuwa wakitoka. Ndugu yangu alisimama barazani na halua mkononi. Aliponiona akaiweka chini.

"Kaka," akasema. "Wakati huu huu. Tumemaliza wakati huu huu."

"Hamkuweza kungoja?"

"Tumengoja. Watu wa bwana harusi wakauliza, baba yuko wapi? Nikawaonyesha telegramu yako. Shehe akasema ruhusa ipo, mnangoja nini tena?"

Maneno yalikuwa yangu, na jina langu chini yake.

Nyumbani walinipeleka chumbani alikokuwa binti yangu, amepambwa, mikono imejaa hina. Nikakaa karibu naye na kanzu yangu ya matope. Nilijaribu kumweleza habari ya sindano, nikaona hata mwenyewe siielewi.

"Nilisikia ndege ikipita," akasema. "Nikawaambia, huyo ni baba. Nikamtuma mtoto msikitini akawaambie wangoje. Akarudi akasema wameshaanza hotuba, na baba mwenyewe ametoa ruhusa."

"Nilidhani sitafika, mwanangu."

"Najua." Akanishika mkono kwa ncha za vidole, hina isimharibikie. "Lakini umefika. Mimi nilijua ni wewe uliye juu."

Hapo nililia, na sikuona haya.

Nilipotoka nje, seti alikuwa amekwisha kunifuata, yuko mkekani katikati ya wageni, na sinia ya pilau mbele yake, akiwasimulia jinsi upepo mkali ulivyotusukuma kaskazini na jinsi alivyoupigania kwa ustadi hadi Tanga. Wazee walimsikiliza vinywa wazi. Mmoja akamwombea dua. Yeye alinitazama mara moja, akaniomba kwa macho nisimwaibishe, na kwa kuwa alikuwa mgeni wetu na alikuwa amenichukua bila kuniomba chochote, niliuma ulimi.

Akanisogelea baadaye, akifuta vidole. "Kesho tuondoke saa ngapi, fundi?"

"Wewe ondoka saa uitakayo," nikamwambia. "Mimi nitangoja daraja."

Lilichukua siku kumi na moja kutengenezwa. Nilizingoja zote kwa ndugu yangu, nikila kwa binti yangu kila mchana.