Majibu Mawili Yaliyofanana

Zama zile za Mwingereza, shule yetu ya Mwanza ilitoa wanafunzi wawili tu wa kwenda chuo cha Uganda: mimi wa Pasiansi na mwenzangu wa Busisi. Tulivuka ziwa kwa meli, vyeti vyetu vikiwa ndani ya bahasha, tukijiona tumekwisha kuwa wasomi.

Mtihani wa kwanza wa elimu ya viumbe ulitaka tueleze jinsi samaki anavyopumua. Nilijaza ukurasa mzima kwa furaha. Kesho yake mwalimu, Mwingereza mrefu asiye na maneno mengi, aliniita ofisini peke yangu. Mezani aliweka karatasi mbili, yangu na ya mwenzangu. Zilifanana neno kwa neno, hata alama za mkato. Akauliza nani alimwangalizia mwenzake.

Nilijua si mimi. Nikasema huenda ni mwenzangu, kwa kuwa alikaa nyuma yangu. Nilipotoka, naye akaitwa.

Tangu siku hiyo tuliacha kula meza moja. Bwenini nilifunika daftari kila alipopita, naye akahamishia vitabu vyake kwenye sanduku lenye kufuli. Nilikumbuka alivyowahi kunipita katika hesabu kule Mwanza, nikaanza kujiuliza alama zile alizipataje.

Juma lililofuata mwalimu alituweka vyumba viwili mbalimbali, akatutaka tuandike jibu lile upya. Maneno yakawa yale yale.

"Hakuna aliyeangalizia," alisema. "Mmeyatoa wapi?"

Tukamweleza kwamba mwalimu wetu wa Mwanza aliyaandika ubaoni, tukayanakili, tukayakariri. Akatoka, akarudi na sato mbichi kwenye sinia, akanitaka nimwonyeshe kiungo nilichokiandika.

Nilikuwa nikimsaidia mama kuparua sato tangu utotoni. Nikamtazama yule samaki, nikagusa pezi. Mwenzangu akagusa tumbo. Mwalimu akafunua shavu la samaki, na ndani yake nikaona vile vinyama vyekundu nilivyozoea kuving'oa na kuwatupia paka. Jina lake la Kiingereza nililijua, lakini sikuwahi kujua kwamba ndivyo hivi samaki anavyopumulia.

Hakutufukuza. Muhula mzima, kila Jumamosi asubuhi, tulipasua samaki, vyura na panya, tukaandika tulichokiona kwa maneno yetu. Mwanzoni sikufikisha mistari mitatu.

Jumamosi moja, tukiosha visu, mwenzangu alisema taratibu, "Ndugu yangu, nisamehe. Siku ile ofisini nilikutaja wewe."

Nikamwambia yamekwisha. Akanipa mkono, na mchana ule tukala pamoja tena. Kwamba mimi nilitangulia kumtaja, sikumwambia. Mpaka leo sijui kama mwalimu alimwambia.